Bendera Nyekundu ya Mzee Enos Luseno, Mlinda Lango wa Kaloleni

Wasifu ulioandikwa na familia na kusomwa na bintiye Marion, Shinyalu, Jumamosi tarehe 16 Mei 1998

Mzee Enos Luseno, ambaye leo tumemleta nyumbani Shinyalu ingawa mwenyewe hakuomba kuletwa, alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Agosti 1934. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Yakobo Mulongo na marehemu Mama Selina. Alizaliwa msimu wa mahindi mabichi, na mamake alizoea kusema kwamba ndiyo maana hakuijua njaa mpaka alipofika Nairobi. Wenye rika lake, na tunawaona wachache wameketi pale mbele, wanamkumbuka kama mtoto aliyependa kuwa wa mwisho kuvuka mto. Wenzake wakirudi kutoka malishoni, yeye alisimama majini akawashika mkono wadogo mmoja baada ya mwingine, ndipo naye akavuka. Mamake alimgombeza kwa kuchelewa: "Kwani wewe ni daraja?" Alicheka tu, na kesho yake akachelewa tena.

Alisoma katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, kuanzia mwaka 1943 hadi 1950. Hatutamsifia uongo mbele ya watu waliokaa naye dawati moja: hesabu zilimshinda. Alichokijua ni nyimbo za kanisani, na sauti yake ya besi ilisikika mpaka barabarani. Karo ilipokuwa haitoshi watoto wawili, aliacha yeye ili mdogo wake Shitanda aendelee. Shitanda alikuja kuwa mwalimu mkuu, na mara nyingi amesema kwamba kila chaki aliyoishika ilikuwa ya kaka yake.

Alifika Nairobi mwezi Machi 1954, na tarehe 1 Juni mwaka huo akaandikwa kazi ya reli. Alianza kwa kupakia na kupakua mizigo. Mwaka 1957 akapewa kazi aliyoifanya mpaka mwisho, ya kulinda lango kwenye kivuko cha reli upande wa mashariki wa jiji. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Treni ikikaribia, unashusha mti, unasimama barabarani na bendera nyekundu. Ikishapita, unainua mti na kupunga ya kijani. Taabu yake ni kwamba watu wa Nairobi wana haraka. Siku moja bwana mmoja mwenye gari jeusi na tai alimwamuru afungue, kwa kuwa alikuwa anachelewa mkutano wa maana. "Nitafungua, mheshimiwa," Luseno akamwambia, "lakini treni haisalimii vyeo." Bwana yule alibaki akinuna ndani ya gari lake hadi behewa la mwisho likapita, na inasemekana alifika mkutanoni akiwa mzima, jambo ambalo huenda hakulishukuru. Katika miaka yote ya Luseno langoni, hakuna mtu aliyekanyagwa. Alistaafu tarehe 31 Desemba 1989. Wenzake walipewa saa za mkononi. Yeye aliomba aachiwe bendera zake mbili.

Ndoa yake nayo ilianzia pale pale langoni. Mwaka 1958 msichana kutoka Kimilili, Nasike, alikuwa amekuja kumtembelea dadake mjini. Alipofika kwenye kivuko na kikapu chake cha sokoni, akakuta mti umeshushwa. Akangoja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, reli ilikuwa tupu.

"Kwani treni iko wapi?" akamuuliza mlinzi.

"Inakuja," Luseno akajibu.

Treni wakati huo ilikuwa bado stesheni, haijapandisha hata abiria. Lakini kufikia wakati ilipopita, alikuwa ameshajua jina la msichana, kwao, kanisa lake, na kwamba hapendi wanaume wanaovuta sigara. Huo ndio wakati pekee katika maisha yake alipofunga lango bila sababu ya kazi, na Mama Nasike hakuacha kumkumbusha. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Aprili 1959. Kulikuwa na maneno hapa nyumbani kwamba Mwisukha wa Shinyalu ameenda kuoa mbali, kwa Wabukusu, kama aliyekosa wasichana kijijini. Siku ya kumleta bibi arusi, Luseno alimwahidi mbele ya wazee kwamba boma hili ndilo lake, na kwamba watalala hapa wote wawili mpaka parapanda. Tafadhali mlikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Muhonja, Mulongo na Marion. Waliwalea Kaloleni, katika nyumba ya baraza la jiji, wakipakana ukuta na Ondiek Owino na mkewe Rispa. Ondiek alikuwa karani wa baraza, mtu wa Ugenya, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Rispa aliuza mitumba. Alikwenda Gikomba alfajiri kuchagua nguo, akarudi na robota kichwani kuziuza mtaani. Watoto wa nyumba zile mbili hawakujua wale wapi, walikula popote palipoiva kwanza. Luseno na Ondiek waliitana Baba Muhonja na Baba Winny, na magazeti walinunua moja, wakagawana kurasa.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu nyingi hupita haraka. Mzee alisema tusipite haraka.

Mwaka 1993, Bwana Maingi, mfanyabiashara, aliomba kujenga magodauni kwenye uwanja ulio kati ya mtaa wetu na barabara ya kuelekea Gikomba. Alipewa ruhusa, nayo ilikuja na sharti. Kwa kuwa malori yake yangepita mahali ambapo watu hupita kwa miguu, ilibidi atoe ada ya kuwakinga: matuta ya kupunguza mwendo, njia ya miguu yenye ukingo, na kivuko kilichopakwa rangi. Ilikubaliwa ada hiyo ikabidhiwe kamati ya wakazi, wao wenyewe wamtafute fundi chini ya mhandisi wa jiji. Bwana Maingi aliitoa yote, mbele ya watu, katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 20 Januari 1994. Hatuna neno baya juu yake. Luseno alichaguliwa mwenyekiti wa kamati, kwani nani mwingine angejua kuvusha watu? Ondiek akawa mweka hazina, na Rispa akawakilisha akina mama wachuuzi. Fundi alipatikana. Kazi ilikuwa ianze baada ya Pasaka.

Mwezi Februari akafariki Masinde, seremala wa Gikomba, kwa ugonjwa. Masinde alikuwa wa ukoo wa Mama Nasike, na hakuwa na mtu mwingine mjini. Sisi watu wa magharibi tunajijua. Mtu wetu akifa Nairobi, hafi kabisa mpaka afike kwao. Bakuli lilipitishwa ukumbini, likapitishwa tena, na mwili ukaendelea kukaa. Hali ilikuwa ngumu mwaka ule. Waliokuwa wakichanga noti walichanga shilingi. Kisha Jumapili moja baada ya ibada, katika mkutano wa matanga, mtu akasema kile ambacho wengi walikuwa wanakiwaza.

"Pesa ya Maingi imelala benki, na Masinde amelala mochari. Hivi sisi ni watu?"

Luseno alikataa. Alisema pesa ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule mtu ambaye bado hajagongwa. Lakini Mama Nasike alikuwa amekaa mbele yake na leso kichwani, akilia. "Baba Muhonja," akasema, "huyo ni kaka yangu. Watasema nini Kimilili? Kwamba Nasike aliiachia serikali imzike kaka yake kama mbwa asiye na jina?" Atakaye kumlaumu mama na amlaumu, lakini aseme kwanza yeye angefanyaje.

Aliyesimama kupinga alikuwa Rispa peke yake. "Nampenda Masinde, ndiye aliyenitengenezea kitanda," akasema. "Lakini jamani, Masinde ameshafika. Sisi ndio bado tunavuka."

Hapo ndipo Luseno, ambaye moyo wake ulikuwa umeshalainika, alipotamka maneno aliyoyajutia mpaka kufa kwake. "Mama Winny," akasema, "tutairudisha. Barabara itangoja. Maiti haingoji."

Watu wakaitikia amina. Ondiek akatia sahihi, Masinde akapelekwa Kimilili kwa basi na jeneza zuri, na akazikwa kwa heshima. Mwanzo wa ngoma ni lele. Mwezi Aprili kulikuwa na msiba mwingine, na Juni mwingine tena, na kila mfiwa aliuliza kwa haki kabisa kwa nini wake awe mdogo kuliko Masinde. Waliosema watarudisha walikuwa na nia; nia haikuwa na kitu mfukoni. Pasaka ikapita, fundi akaenda kutafuta kazi kwingine. Magodauni yakaisha kujengwa, malori yakaanza kuingia na kutoka.

Jumanne tarehe 23 Agosti 1994, asubuhi, Rispa alikuwa anarudi kutoka Gikomba na robota lake kichwani. Alivuka pale pale ambapo tuta la kwanza lilikuwa limepangwa liwe. Lori lililokuwa likishuka kwa kasi halikuwahi kumwona, wala yeye hakuwahi kurudi nyuma. Luseno alisikia mlio akiwa anakunywa chai, na hakuhitaji kuambiwa. Ndiye aliyefika wa kwanza. Robota lilikuwa limepasuka, sweta za watoto zimetapakaa barabarani, akazichukua moja moja kumfunikia jirani yake. Watu walipomvuta aondoke hakusikia, alibaki amepiga magoti akirekebisha mikono ya sweta.

Mkutano wa matanga ya Rispa ulifanyika katika ukumbi ule ule. Luseno, kama ilivyokuwa desturi, alisimama kuufungua kwa sala. Ondiek hakuinua sauti.

"Baba Muhonja, keti," akasema. "Barabara ilingoja."

Luseno akaketi. Rispa alipelekwa Ugenya kwa michango ya watu, kwa kuwa kwenye hazina ya kamati hapakuwa na kitu. Tangu siku hiyo, nyumba mbili zilizokuwa zikigawana gazeti ziligawana ukuta tu. Wapo waliomwambia Mzee kwamba yaliyopita si ndwele. Yeye alijibu kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alijaribu kurekebisha. Alikwenda kwa Bwana Maingi, naye akamjibu kwa adabu: "Mzee, mimi nililipa. Ulizaneni nyinyi." Alikwenda ofisini mjini, akaelezwa kwamba ada ya mahali hapo ilishatolewa, na haitozwi mara mbili. Alipanga mawe barabarani. Madereva wakayatupa mtaroni. Alichora mistari ya kivuko kwa chokaa, akiwa amepiga magoti na brashi ya kupakia ukuta, na watu wa Kaloleni wakasimama kumtazama. Ilipendeza kwa siku chache, kisha mvua ikaiosha.

Ndipo akatoa bendera zake. Kuanzia Septemba 1994, asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi, Mzee Luseno alisimama barabarani kwa koti lake la reli, akanyoosha nyekundu, malori yakasimama, watu wakavuka. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Wasukuma mikokoteni na makanga wa matatu walimfanyia mzaha usiokwisha.

"Niaje mzae! Treni iko wapi leo?"

"Inakuja," aliwajibu. "Nyinyi vukeni."

Walicheka, lakini walivuka. Na Mama Nasike, aliyeyasikia maneno hayo siku moja akiwa na kikapu chake, alirudi nyumbani akalia jikoni, kisha akampelekea chai pale pale barabarani. Ni wazi alibeba sehemu yake ya mzigo ule, na hakuna siku ambayo Mzee alimtajia. Walioishi nao wanajua kwamba kunyamaza huko ndiko kulikuwa mapenzi yao ya uzeeni.

Alisimama hivyo mwaka hadi mwaka. Watu wakaanza kumsifu, na sifa ndizo zilizomuudhi kuliko mzaha. Mtu akimwambia, "Mzee, umetuokoa," alijibu, "Mwambie Rispa," akageuka upande wa malori. Nyumbani alikuwa bado mcheshi kwa wajukuu, lakini kanisani besi yake ilipungua, na wimbo ukifika kwenye msamaha alifunga kitabu.

Mvua za El Nino zilipokuja mwishoni mwa 1997, barabara ilikuwa tope tupu na madereva hawakuona mbele. Familia ilimsihi apumzike. Alisema siku kama hizo ndizo zenye kazi. Alishikwa na kikohozi mwezi wa Desemba, kikashuka kifuani. Siku moja mwezi wa Januari alifika kwenye nafasi yake, akakuta koti la mvua limetundikwa kwenye mti wa kando ya barabara. Lilikuwa la Ondiek. Ondiek mwenyewe hakuonekana, wala Mzee hakuuliza. Alilivaa, na jioni akalirudisha likiwa limefuliwa, akalitundika kwenye komeo la mlango wa jirani. Mambo yakaenda hivyo kwa majuma kadhaa, koti likipita huku na huku, wenyewe wasisemezane neno.

Alilazwa hospitalini tarehe 14 Aprili mwaka huu kwa homa ya mapafu. Huko ndiko alikotoa wosia wake, akiwa na akili timamu, mbele ya Marion. Azikwe Lang'ata, hapo hapo Nairobi, kwa sanduku la mbao za kawaida. Kila kitakachochangwa kwa ajili ya basi, jeneza na ng'ombe, kipelekwe kwa fundi, matuta yajengwe. "Mimi ndiye niliyesema maiti haingoji," akamwambia. "Basi mimi nitangoja."

Mwishoni mwa mwezi huo Ondiek alikuja wodini. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi.

"Baba Winny," Mzee akasema, "nisamehe."

"La kusamehe si langu, ni la Rispa, na mtaonana," Ondiek akasema. "Mimi nipe bendera."

Jumatano jioni, tarehe 6 Mei, Mama Nasike alimlisha uji, akamfuta mdomo, akamtania kama zamani: "Treni iko wapi, Baba Muhonja?" Naye akatabasamu. "Inakuja, mama. Safari hii kweli inakuja." Alfajiri ya Alhamisi tarehe 7 Mei 1998, alituacha, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Na sasa mnauliza, ikiwa aliusia Lang'ata, tunafanya nini Shinyalu? Familia haitaficha. Hatukukubaliana. Marion alisimama na wosia wa babake mpaka sauti ikamkauka. Wazee wa ukoo walisema Mwisukha hazikwi kwenye ardhi ya kugawiwa namba. Mulongo alikubaliana na kila aliyezungumza. Kisha Mama Nasike akasema maneno machache: "Aliniahidi mbele yenu kwamba tutalala pamoja hapa. Mkimwacha kule, mimi mtanilaza na nani?" Marion akaketi. Basi tukapitisha bakuli. Tukakodi basi. Bwana Maingi alituma mchango, na kwa huo ndipo lilipopatikana hili jeneza mnaloliona, ambalo ni zuri kuliko alivyotaka. Tumemfanyia Mzee kile kile alichomfanyia Masinde, kwa upendo ule ule, na matuta hayajajengwa. Inatuuma, Baba. Kikapu kitapita hapa leo kwa ajili ya kazi hiyo, lakini hatuahidi kitu, maana ahadi za matangani wewe ulizijua kuliko sisi.

Mzee Luseno ameacha mjane, Mama Nasike. Watoto wake Muhonja, Mulongo na Marion. Mdogo wake, Mwalimu Shitanda. Wakwe, wajukuu, na majirani wa Kaloleni waliosafiri nasi. Wengi wenu mmemtafuta Mzee Ondiek kati ya hao majirani, na wengine mmenong'ona kwamba hata kifo hakikuwapatanisha. Ondiek hakuja. Tulimwekea kiti cha mbele kwenye basi, akakataa. Alituambia kwamba magodauni hayafungwi Jumamosi, na kwamba mtu akienda kuzika, lazima mwingine abaki barabarani. Bendera ya kijani tumeiweka ndani ya jeneza, mkononi mwa mwenyewe. Ile nyekundu iko Nairobi, na saa hii tunapoongea kuna mtu anavuka.

Baba, zamu yako imepokewa. Vuka salama, upumzike kwa amani.